Uso wa Kavira kwa Kamera Isiyo na Filamu

Mmeniuliza wote, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja nimempa kipande cha habari kulingana na chakula alichonipa. Matokeo yake sasa mnabishana ninyi kwa ninyi. Kwa hiyo naandika mara moja tu. Mpeane karatasi hizi, msizifungie maandazi kabla wengine hawajasoma.

Wakati ule, kama mnavyokumbuka, tulikuwa watu waliokombolewa. Tulikuwa tumekombolewa mara nyingi, na kila aliyetukomboa alijenga kizuizi chake barabarani ili uhuru wetu usitoroke. Mimi nilikuwa nimemaliza masomo ya fizikia, na nchi nzima ilikuwa ikinisubiri kwa hamu nikae nyumbani.

Mama mdogo Kavugho, anayemfuata mama yangu, aliishi Kirumba. Alipokimbia mapigano upande wa Luofu, binti yake Kavira, mwenye umri wa kama miaka mitano, alipotea katika msongamano wa watu njiani. Mwaka ulipita bila habari. Kisha tukasikia kwamba huko Beni, katika mtaa wa Bungulu, mchungaji mmoja amemhifadhi mtoto wa kike aliyetoka upande wa Luofu, na mtoto huyo anaitwa Kavira.

Kwa faida ya shemeji yetu kutoka Kasai, ambaye najua atasoma, nieleze: sisi Wanande watoto wetu tunawahesabu, kisha hesabu hiyo tunaiita jina. Msichana wa kwanza ni Masika, wa pili ni Kavira. Kusema umemwona Kavira aliyetoka Luofu ni kusema umeona mtoto aliyekuwa na dada mmoja mkubwa. Habari nzuri sana, isiyosaidia chochote.

Mama mdogo alikuwa amejifungua kwa kupasuliwa na hakuweza kupanda lori. Mtu mwingine alipaswa kwenda Beni, kuuchukua uso wa yule mtoto, na kuupeleka Kirumba ili mama auone na kusema ndiyo au hapana. Mjomba wangu mfanyabiashara alikuwa amerudi na kamera ya dijitali kutoka Dubai. Aliiweka kabatini karibu na maua ya plastiki, na wageni waliruhusiwa kuitazama. Ukoo ukakaa, ukaona kwamba mimi Kasereka nimesoma na sina kazi, ukaniteua.

Butembo hadi Beni

Nilikuwa nimekisoma kitabu cha maelekezo hadi kurasa za Kijapani. Kamera ile ilikuwa na namba tatu za unyeti, yaani namna jicho lake linavyouonea mwanga: mia moja, mia mbili na mia nne. Kwa namba ndogo kamera hunywa mwanga polepole, na picha hutoka safi, lakini anayetikisika anageuka moshi. Kwa namba kubwa kamera hufanya haraka hata gizani, lakini picha inajaa chembechembe kama mchanga. Ni kama redio zetu za vita: stesheni ikiwa dhaifu unaongeza sauti, na mkwaruzo nao unaongezeka, hadi hujui kama mji uliotajwa umeanguka au ni radi. Nilikuwa nikilifikiria jambo hili tangu tulipotoka Butembo, na gari lilikuwa bado halijamaliza kupanda mlima wa kwanza.

Abiria wenzangu walifikiria ndizi za kuchoma. Kwenye kila kijiji tulisimama, dereva akazinunua, akazila taratibu huku akituhakikishia kwamba tumechelewa.

Kwenye kizuizi kilichokuwa karibu na Beni, askari aliyevaa miwani ya jua chini ya mawingu mazito aliitoa kamera kwenye mfuko wangu.

“Oyo eza nini?” aliuliza kwa Kilingala, yaani hiki ni kitu gani.

“Ni kamera, chef,” nilimjibu mkubwa huyo.

Akaanza kuitafutia mlango wa filamu. Kazi yake, kama mnavyojua, ilikuwa kufungua kamera za watu na kuzionyesha filamu jua. Alikuta betri tu. Aliuliza filamu nimeificha wapi. Nikamjibu kwamba hakuna filamu, picha inaandikwa ndani, na kwa kuwa niliogopa, nilimweleza pia namna inavyoandikwa. Nilikuwa bado naeleza kuhusu mwanga na umeme alipomgeukia mwenzake.

“Hapana filme, na inaandika,” alisema. “Donc ni espion.” Kwa Kifaransa hicho nikawa mpelelezi.

Nilikaa chini ya mti mkavu kwa muda uliotosha kuwazia mazishi yangu, nani atahutubia na atakosea wapi. Aliyeniokoa ni mama mmoja abiria aliyechoka kungoja. Alimwambia askari apigwe picha ajionee. Nikampiga. Alijiona kwenye kioo kidogo, akavua miwani, akaivaa tena, akataka arudiwe akiwa na bunduki, halafu ameinama kidogo. Upelelezi wangu ukaisha. Nilipomwambia kwamba picha siwezi kuitoa na kumpa, aliniona mtu mwenye roho mbaya tu, na tukaruhusiwa kwenda.

Bungulu

Nilifika Bungulu nikafanya kosa la kuuliza kwa jina. Watu wa pale ni wakarimu. Nililetewa Kavira anayeuza mkaa, Kavira mshonaji, na Kavira mmoja bibi mwenye wajukuu, ambaye aliniuliza kwa wasiwasi kama nimekuja kuposa. Ndipo mtu mmoja alipofikiria kuniuliza kama namtafuta yule wa kwa mchungaji.

Mke wa mchungaji, ambaye wote walimwita Mama Pasteur, alinikaribisha kwa fufu, sombe ya majani ya muhogo na samaki wa chumvi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia jambo nililopaswa kulielewa vizuri zaidi.

“Bamama babili balisha fika hapa,” alisema. “Kila moja alilia muzuri. Mi sitafuti mutu ya kulia, mutoto yangu. Natafuta mama yake.”

Kwa hiyo asingemtoa mtoto kwa machozi wala kwa maneno yangu. Mama mdogo akisema ndiyo, na akataja alama ya mwili ambayo Mama Pasteur mwenyewe anaijua lakini hakunitajia, basi mtoto ataondoka. Lakini alama hata mtu mwingine huweza kuibahatisha; ikiwa picha itakosea, mtoto atapewa mama asiye wake, na mama yake ataendelea kutafuta mahali ambapo mtoto hayupo tena. Nililibeba wazo hilo kifuani kama jiwe la kusagia.

Mtoto alikuwa amekaa nyuma ya mlango. Zaidi ya jina lake na la Luofu hakuwa amemwambia mtu neno. Tangu alipoletwa alikuwa hajavuka kizingiti kwenda nje wakati wa mchana, na hakuna aliyemlazimisha. Hapo ukafa mpango wangu mzuri wa kumpiga picha juani, ambako hata kamera ya mjinga hutoa picha safi. Nikatumia taa ya kamera. Ule mwako ulipopiga, mtoto alikuwa chini ya meza kabla sijashusha mkono, amejikunja, mikono masikioni, akingoja mlio unaofuata mwako. Mama Pasteur alipiga magoti, akamtoa taratibu. Ningependelea anitukane.

Ikabaki namba. Nilijaribu mia moja bila taa, kwa mwanga wa dirishani: mtoto aligeuza kichwa, nikapata moshi wenye gauni. Nikaweka mia nne. Picha ikatoka, macho yakaonekana, pua ikaonekana, mtu akaonekana. Nilifurahi kama mtu aliyepata kazi. Mchanga niliuona, lakini nilijiambia kwamba mama hawezi kushindwa kumtambua mtoto wake kwa sababu ya mchanga kidogo. Nililifikiria hilo kutoka pande zote, na kutoka pande zote nikaona nina haki.

Beni hadi Musienene, ambako nilipaswa kupita tu

Nilirudi Butembo, nikalala kwetu, nikapanda lori la Kirumba juu ya marobota ya nguo kuukuu. Barabara ya kusini mnaijua. Mvua ilikuwa imeifanyia kazi ambayo wakombozi wetu walikuwa wameiahidi, yaani kuichimba upya. Baada ya Musienene lori letu lilizama hadi ekseli, na mbele yetu yalikuwa yamezama mengine, kwa hiyo tulikuwa na ujirani mwema.

Watu walishuka, wakawasha moto, wakachoma mahindi. Mama mmoja mfanyabiashara wa viazi, mwenye sauti ya kuuza bila mizani, aliniuliza natunza nini kifuani kwa hofu namna hiyo. Nilimweleza, kisha nikamwonyesha picha. Alikishika kioo kwa mikono miwili, akaanza kulia. Alisema ni mtoto wa dada yake aliyepotelea Kanyabayonga. Alitaja paji la uso na masikio. Alisema hata namna ya kutazama ni ya ukoo wao.

Dereva alikuja kuona kwa nini mtu analia kwenye tope lake. Alitazama, akasema ni mtoto wa shemeji yake, anaitwa Masika, wanamtafuta tangu mwaka jana. Mzee aliyekuwa akisukuma gurudumu aliona mjukuu wake. Mjukuu wake alikuwa wa kiume.

Niliichukua kamera nikaikuza picha hadi mwisho. Shavu lilikuwa mchanga. Shingo ilikuwa mchanga. Kila penye kivuli kamera haikuwa imeona kitu, ikawa imejaza mkwaruzo, na kila mmoja wa watu hawa aliusikiliza mkwaruzo ule akasikia jina alilotaka kusikia. Hawakuwa waongo. Nilikuwa nimetengeneza picha ambayo yeyote aliyepoteza mtoto angeweza kumkuta ndani yake, na katika barabara ile, mwaka ule, nani hakuwa amepoteza mtoto?

Nikaona wazi kitakachotokea Kirumba. Mama mdogo angesema ndiyo kabla sijakaa. Angesema ndiyo kwa moyo safi.

Dereva alinishauri niendelee tu, kwa kuwa lori lingetoka karibuni. Alisema karibuni kwa uso wa mtu anayekoka moto wa pili. Nilishusha mfuko wangu, nikamwambia mama wa viazi kwamba huenda picha si nzuri, akanijibu kwa upole kwamba mimi ni kijana, sijui damu. Nikarudi Butembo kwa miguu na tope, na siku iliyofuata nilikuwa tena kwenye gari la Beni, dereva yuleyule, ndizi zilezile.

Bungulu, mara ya pili

Mama Pasteur hakushangaa. Alisema tu kwamba amepika fufu nyingi.

Nilijua ninachotaka: mia moja, mlango wazi, mtoto amekaa ndani ya kizingiti akitazama mwanga, kamera juu ya kiti kirefu, na utulivu. Mwanga ule mdogo ungehitaji mtoto akae bila kutikisika kwa muda ambao kwa mtu mzima ni pumzi moja, na kwa mtoto ni maisha yake yote. Nilimwomba atulie, akatikisika. Nilimwahidi peremende, akatikisika kwa furaha. Nilimwimbia. Hilo tusilizungumze.

Chakula kikaja, na mchungaji akasimama kuombea. Hapo ndipo nilipoona kitu. Katika nyumba ile, wakati wa sala hata kuku aliyeingia alisimama. Mtoto, pale pale ndani ya kizingiti, aliweka mikono miwili magotini akawa kama jiwe. Lilikuwa jambo la kwanza alilolishika katika nyumba hiyo, na alilifanya kwa bidii zote.

Mimi ni Mkatoliki. Sisi tunabariki chakula kabla hakijapoa. Lakini mchungaji yule alikuwa mtu wa sala ndefu, na nikamshukuru Mungu kwa Waprotestanti wake. Sufuria ilikuwa bado mikononi mwa Mama Pasteur. Nilijiuliza kama ni dhambi kufungua macho, kama ni dhambi kubwa zaidi kubonyeza, na kama dhambi iliyotendwa katikati ya sala ya Kiprotestanti padri wa Kikatoliki anaweza kuisamehe. Mchungaji alipita kwa wasafiri, wajane na wagonjwa. Nilitambaa hadi kwenye kiti. Nikaweka vitabu vya nyimbo chini ya kamera, nikaiwekea ile saa inayobonyeza yenyewe ili mkono wangu usiitikise. Mchungaji akaanza kuwaombea walio madarakani, na kwa kuwa wakati ule walio madarakani walikuwa wengi, nilijua nina nafasi.

Kamera ikalia kidogo kidogo, ikihesabu. Hakuna mtu mzima aliyefungua macho. Adabu yao ilikuwa kubwa kuliko udadisi. Mtoto peke yake alifungua. Bila kusogeza kidole, alitazama moja kwa moja palipolia, na kamera ikanywa mwanga wake.

Amina ilipofika nilikuwa nimekaa mahali pangu, na jasho. Mama Pasteur alinipakulia.

“Ulipata?” aliuliza bila kuniangalia.

“Nilipata, mama.”

“Basi kula. Na kesho utubu.”

Niliikuza picha ile nikaona kope. Niliona uzi uliolegea kwenye kola, na chini ya sikio la kushoto alama ndogo ya kuungua, laini, yenye ukingo. Katika ile ya mia nne pale palikuwa na mchanga kama kwingine kote.

Hadi Kirumba

Safari hii lori lilipita Musienene, ili lipate kuzama mbele zaidi. Alimbongo ni juu, baridi yake inauma meno, na baridi inaua betri. Betri zangu zilikuwa zimechoka, na madukani zilikuwa zile zinazokufa ukizitazama. Nilizitoa kwenye kamera nikaziweka kwapani, nikapita milima yote nimebana mkono. Abiria mmoja alinipa pole kwa jeraha. Nikapokea pole, na pia viazi vya moto alivyonimenyea kwa kuwa nina mkono mmoja.

Kisha tulivuka ule mstari ambao hakuna aliyeuona, lakini upande huu walitukomboa hawa na upande ule walitukomboa wale. Vizuizi vilifanana, na maswali pia. Kamera ilipita ndani ya kikapu cha vitunguu, na harufu hiyo mjomba anaisikia kabatini hadi leo.

Kirumba

Mama mdogo alinipokea mlangoni, kichanga kifuani, hatua zake bado za mtu aliyeshonwa. Kwetu mgeni hasemi habari aliyobeba kabla hajala. Aliijua desturi na hakuivunja. Alininawisha mikono yeye mwenyewe. Aliniwekea bugali na maharagi, akakaa mbele yangu, akaniuliza habari za mama, za barabara, za mvua. Sijawahi kumeza chakula kigumu vile. Nilipomaliza alisema wasingya, yaani asante kwa Kinande, kana kwamba mimi ndiye niliyempikia.

Nikaziweka betri. Nikawasha.

Hakulia. Alikishika kioo mbali, halafu karibu. Nilikuwa nimejiandaa kwa ndiyo, na nilikuwa nimejiandaa kwa sijui, ambayo ndiyo niliyoiogopa zaidi. Aliniomba nikuze hapo chini ya sikio. Nikakuza.

“Hapana yeye,” alisema. Akavuta pumzi. “Huyu ni Kavira ya kwa Mama Kanyere, jirani yetu kule Luofu. Aliungua na uji siku ya mavuno, mi mwenyewe nilimupaka dawa. Mama yake iko, alisha rudi Luofu. Alizani mutoto alikufa.”

Nilisema labda atazame tena. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Alijibu kwamba picha ni safi, hakuna cha kutazama tena. Na hapo hapo akaanza kunipanga: kuna kamio, yaani lori, inayokwenda Luofu kuchukua maharagi, itaondoka kabla ya jua kuchwa, niipande, nisilale Kirumba, mama wa watu asilale tena bila kujua.

Luofu siiandikii kichwa chake. Yaliyotokea huko mnayajua, kwa kuwa Mama Kanyere alipopita hapa Butembo akitoka Beni, nyote mlisimama barabarani kumwona mtoto aliyelala mgongoni mwake wakati wa mchana, nje, kwenye jua. Mliimba hata. Mnachoniuliza kila siku ni mama mdogo alisemaje, na ndicho ambacho sikuwa nimemwambia mtu.

Nilipokuwa nikifunga mfuko, alisema ngoja. Akaomba kamera tena.

“Nyuma yake,” alisema. “Pale ndani ya nyumba. Bengine banakuwa pale?”

Nyuma ya mtoto kulikuwa na chumba cha mchungaji, giza tupu. Nilimwambia hakukuwa na mtoto mwingine, nilikuwepo, niliona. Alisema anajua. Alisema nikuze tu.

Nikakuza. Pembe ya meza, halafu giza. Nikasogeza kushoto, giza. Hata kwa mia moja, penye giza sana kamera inabahatisha, na zile chembechembe zilikuwepo, chache, za kijani na nyekundu. Alizitazama moja moja. Kulia. Juu. Alama ya betri ilianza kuwaka na kuzima, na nilijua kila nukta tunayokaa hapa inaondoka kwa mwanamke wa Luofu. Nilifikiria namna ya kulisema. Nilitunga sentensi, nikaifuta, nikatunga nyingine ya adabu zaidi. Nilisogeza picha kila alipoonyesha kwa kidole.

Ni yeye aliyeiona ile alama ikiwaka. Aliniuliza inasema nini. Nikamwambia nguvu zinaisha.

Alihamisha kichanga bega la pili, akanirudishia kamera.

“Zima, Kasereka,” alisema. “Bakisha ya mama yake.”